Nzi wa Manyoya: Kazi ya Mikono Inayomdanganya Samaki wa Milimani

Katika nchi ya Kenya iko kazi moja ya mikono ambayo vifaa vyake vyote vyaweza kutiwa ndani ya sanduku dogo la sabuni, na kitu kinachotengenezwa hakizidi ukucha wa kidole. Walakini kitu hicho hupakiwa kwa uangalifu, kikapelekwa ng'ambo hata Uingereza na Marekani, kikanunuliwa na watu ambao hawatamwona kamwe yule aliyekifanya. Kazi hiyo ni ya kufunga nzi wa bandia, yaani nzi wa uzi na manyoya wanaotumiwa kuvulia samaki aitwaye trauti.

Watu wengi wakisikia habari hizi mara ya kwanza hucheka. Huuliza, "Nzi wamejaa zizini, tena ni wa bure. Mtu mwenye akili zake atanunuaje nzi wa manyoya?" Swali hilo ni la haki, na lastahili kujibiwa. Lakini kabla ya kulijibu yafaa kwanza kumjua samaki mwenyewe, kwa maana fundi asiyejua tabia za yule anayetaka kumdanganya hawezi kumdanganya.

SAMAKI MGENI

Trauti si mwenyeji wa mito ya Kenya. Zamani mito ya baridi itokayo katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua haikuwa na trauti hata mmoja. Katika mwaka 1905 mlowezi aitwaye Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia yaliyotoka Loch Leven katika nchi ya Uskoti, na samaki wakatiwa katika mto Gura, utokao Nyandarua. Mwaka 1910 trauti wa aina ya pili waliletwa kutoka Afrika Kusini. Hao ni wale wenye mstari wa rangi nyekundu ubavuni, ambao kwa asili walitoka katika mito ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, nao huitwa trauti wa upinde wa mvua. Kutoka hapo samaki hao walipandwa katika mito mingi, kama vile Thego, Sagana, Ragati, Thiba, Naro Moru, Burguret na mingineyo. Mwaka 1948 Serikali ya wakati ule ilianzisha kituo cha samaki huko Kiganjo, karibu na Nyeri, ili mayai ya trauti yatotolewe na vifaranga walelewe mpaka wawe tayari kutiwa mitoni au mabwawani.

Trauti ni samaki mchaguzi. Hapendi maji ya vuguvugu wala maji ya tope. Maji yampendezayo ni yale yenye baridi ya kati ya digrii 10 na 16 hivi za Sentigredi, yaendayo mbio juu ya mawe, kwa sababu maji ya namna hiyo yana hewa nyingi ndani yake. Maji yakizidi digrii 20 huanza kutaabika, na yakiendelea kupata joto hufa. Ndiyo sababu katika nchi ya Kenya, iliyo katikati ya dunia, trauti hapatikani pwani wala katika mito ya nchi tambarare, bali huko juu tu, ambako asubuhi mkulima huvaa koti.

Hapo yapo mambo mawili ya ajabu. La kwanza ni kwamba wenyeji wa nchi hiyo ya juu, yaani Wakikuyu, kwa desturi zao za zamani hawakuwa walaji wa samaki. Mzee wa kale aliyemwona samaki mtoni alimpita kama apitavyo chura. La pili ni kwamba samaki hawa walipoletwa hawakuletwa kwa ajili ya chakula cha wenyeji, bali kwa starehe ya walowezi, na katika miaka ile ya ukoloni Mwafrika aliyeonekana kando ya mto wa trauti kwa kawaida alikuwa ni mchukuzi wa mizigo au mlinzi wa mto. Lakini kidole cha mtu hakichagui kabila wala desturi. Watu ambao baba zao hawakula samaki, na ambao wengi wao hawakupata kushika ufito wa kuvulia, walijifunza kumtengenezea samaki huyo chakula cha uongo, hata kazi ya mikono yao ikajulikana mbali. Tangu siku za ukoloni mpaka leo nzi waliofungwa Kenya wamo katika visanduku vya wavuvi wa nchi nyingi.

KWA NINI NZI WA BANDIA?

Sasa na tulirudie lile swali la zizini. Chakula kikubwa cha trauti ni wadudu wa mtoni. Chini ya mawe ya mto wa baridi wanaishi wadudu wengi ambao mkulima avukaye mto kila siku huenda asiwajue. Wako wale wanaojijengea vinyumba vya mchanga na vijiti na kukaa ndani yake kama konokono. Wako na wale wenye mikia miwili au mitatu, ambao hukaa majini miezi mingi, kisha siku moja hupanda juu, hupasua ngozi zao, na kuruka wakiwa na mabawa yaliyosimama kama tanga la jahazi. Wadudu hao wa mwisho, wakiisha kupata mabawa, hawali kitu, kwa maana vinywa vyao havina kazi tena. Huzaa, hutaga mayai, nao hufa baada ya siku moja au mbili tu. Wanapopanda juu hivyo, trauti hufurahi kama watu wafurahivyo siku ya arusi.

Mdudu wa kweli ni mlaini mno. Akitungwa katika ndoana hupasuka, na ufito ukipungwa mara moja huanguka. Tena, katika mito mingi ya trauti duniani kanuni za uvuvi haziruhusu chambo chochote isipokuwa nzi wa bandia. Kwa hiyo yahitajiwa mdudu mwenye umbo la kweli na mwili wa kudumu, anayeweza kurushwa mara mia asivunjike. Nzi huyo hana uzito wowote, wala mvuvi hawezi kumtupa kama jiwe. Kinachompeleka ni mshipi wenyewe, ambao ni mzito makusudi. Mvuvi huurusha nyuma na mbele hewani mpaka unyoshe, nao humchukua nzi na kumtua majini polepole kama jani likiangukavyo.

Trauti hukaa ameelekeza kichwa upande maji yatokako, akingoja mto umletee chakula. Hana mkono wa kukipapasa. Akitaka kujua kama kitu ni chakula au takataka hukishika kwa kinywa, na akikiona kigumu hukitema upesi sana. Basi katika nukta hiyo ndogo, kati ya kushika na kutema, ndimo ilimo kazi yote ya fundi wa nzi.

KAZI YA ZAMANI SANA

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni mchezo wa juzi. Yapata miaka 1,800 iliyopita mwandishi mmoja aitwaye Aelian aliandika habari za watu wa Makedonia waliokuwa wakivua samaki wenye madoadoa katika mto wao. Alieleza kwamba watu hao waliizungushia ndoana sufu nyekundu, kisha wakaifungia manyoya mawili ya jogoo. Ajabu ni kwamba mpaka leo fundi hutumia vitu vile vile vitatu: ndoana, kitu cha kuuvisha mwili, na unyoya wa jogoo.

Katika nchi ya Uingereza kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1496 kilieleza namna kumi na mbili za nzi wa kuvulia. Mwaka 1653 Izaak Walton alitoa kitabu chake mashuhuri cha uvuvi, na katika chapa ya mwaka 1676 rafiki yake Charles Cotton aliongeza mafundisho mengi juu ya nzi. Baadaye wakazuka wataalamu wawili ambao maoni yao yalipingana. Frederic Halford, katika kitabu chake cha mwaka 1886, alifundisha habari za nzi wa kuelea, anayekaa juu ya maji kama mdudu aliyekwisha kupata mabawa. G. E. M. Skues naye, katika kitabu cha mwaka 1910, alionyesha kwamba samaki hula sana chini ya maji, kwa hiyo nzi azamaye asidharauliwe. Wafuasi wao walibishana miaka mingi, lakini fundi wa leo hana haja ya ubishi huo. Mnunuzi akitaka nzi wa kuelea atafungiwa wa kuelea, na akitaka wa kuzama atafungiwa wa kuzama.

Tofauti yao hasa ni katika unyoya. Unyoya wa shingo ya jogoo aliyekomaa una nywele ngumu zing'aazo, ambazo husimama juu ya maji kama miguu ya buibui na kumzuia nzi asizame. Unyoya wa kuku jike ni mlaini na hunywa maji upesi, kwa hiyo hufaa kwa nzi azamaye, kwa kuwa ndani ya maji nywele zake huchezacheza kama miguu ya mdudu aliye hai. Jambo hili dogo tu, la jogoo na kuku jike, limewashinda wengi waliodhani kwamba manyoya yote ni sawa. Huko Marekani wako wafugaji ambao hufuga majogoo kwa ajili ya manyoya tu, wakichagua mbegu vizazi kwa vizazi kama mkulima achaguavyo ng'ombe wa maziwa.

VIFAA VYA FUNDI

Vifaa si vingi. Cha kwanza ni jiliwa dogo lifungwalo ukingoni mwa meza, la kuishikilia ndoana isitikisike. Cha pili ni mkasi mdogo wenye ncha kali. Cha tatu ni kikoleo cha kushikia ncha ya unyoya wakati wa kuuzungusha. Cha nne ni kishikio cha kibiringo cha uzi, ambacho huning'inia chini ya ndoana na kwa uzito wake huukaza uzi fundi anapoachilia mkono. Tena iko sindano iliyotiwa katika kipande cha mti, ya kutengenezea nywele na kutilia vanishi. Baada ya hivyo ni uzi mwembamba wa hariri au wa nailoni, nta ya kuupaka ili usiteleze, na taa nzuri au dirisha lenye mwanga.

Ndoana huhesabiwa kwa namba, na hapo mwanafunzi hukosea, kwa sababu namba ikizidi ndoana hupungua. Ndoana ya namba 10 ni kubwa kuliko ya namba 14, na ile ya namba 18 ni ndogo hata mtu mwenye macho mabovu hawezi kuipitisha uzi. Zamani ndoana nyingi zilitoka katika mji wa Redditch huko Uingereza, mji uliosifika pia kwa kutengeneza sindano.

Katika manyoya, mbali na yale ya kuku, hutumiwa ya bata kwa mabawa, na ya tausi kwa mwili. Tausi huangusha manyoya yake ya mkia kila mwaka, kwa hiyo hakuna haja ya kumchinja. Manyoya ya sungura na nywele za ng'ombe nazo zina kazi zake. Lakini fundi mwaminifu hatafuti manyoya ya ndege wa porini wala ngozi za wanyama wa porini kinyume cha sheria. Nchi ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na wako ndege wengi duniani ambao biashara ya manyoya yao imezuiwa au huhitaji kibali.

JINSI NZI MMOJA AFUNGWAVYO

Ili msomaji afahamu vema, na tumchukue nzi mmoja wa siku nyingi, ambaye Waingereza walimwita Coachman, maana yake mwendesha gari la farasi. Mwili wake ni wa tausi, koo lake ni la kuku mwekundu, na mabawa yake ni meupe. Hapa ataelezwa yule wa kuzama.

Kwanza fundi huibana ndoana katika jiliwa, tundu lake likielekea upande wa kulia. Huupaka uzi nta, akaanza kuuzungusha karibu na tundu, kisha akaenda nao mpaka mahali ndoana inapoanza kupinda, kila mzingo ukiugusa mzingo wa pili. Asiache nafasi, kwa kuwa mwili wote wa nzi utajengwa juu ya msingi huo, kama vile nyumba ijengwavyo juu ya mawe yaliyopangwa.

Pili, huchukua nyuzi mbili au tatu za unyoya wa tausi, akazifunga kwa ncha zake pale mwisho. Nyuzi hizo zinang'aa kijani na shaba, lakini ni dhaifu, na jino moja la trauti laweza kuzikata. Kwa hiyo fundi mwenye ujuzi huzisokota pamoja na uzi wa hariri kabla ya kuzizungusha, ili zikae kama kamba moja. Fundi mvivu hazisokoti. Akiwekwa mezani, nzi wa mvivu na nzi wa mstadi hufanana kabisa, na tofauti yao hujulikana mtoni tu, baada ya samaki wa kwanza.

Tatu, kamba hiyo huzungushwa ndoanani kutoka nyuma kwenda mbele, mpaka ibakie nafasi ndogo nyuma ya tundu. Nafasi hiyo ni mali. Wanafunzi karibu wote huila nafasi hiyo kwa pupa, na wafikapo kwenye mabawa hawana mahali pa kuyafungia, hata kichwa cha nzi kikalifunika tundu, na mshipi usipite.

Nne, unyoya mwekundu hufungwa na kuzungushwa mara mbili au tatu, kisha nywele zake huvutwa kuelekea chini ziwe kama ndevu chini ya koo la nzi.

Tano ni mabawa, na hapo ndipo mkono wa fundi hujulikana. Hukatwa vipande viwili vyembamba vya unyoya mweupe wa bata, kimoja kutoka bawa la kulia na kimoja kutoka bawa la kushoto, ili mapindo yake yapatane. Vipande hivyo huwekwa pamoja juu ya ndoana, vikashikwa kwa kidole gumba na cha shahada. Uzi hupitishwa kati ya vidole ukiwa umelegea, ukafanya kitanzi juu ya mabawa, kisha huvutwa chini taratibu bila kuviachilia vidole. Ukivutwa upande, mabawa hupinda. Ukivutwa kwa haraka, nywele huachana. Ukivutwa sawasawa, mabawa hulala juu ya mwili kama mabawa ya panzi aliyetua.

Mwisho, mabaki hukatwa, kichwa kidogo hufanywa kwa uzi, na fundo hutiwa. Fundo hilo si kama la kamba ya mbuzi. Uzi huzungushwa juu ya ncha yake wenyewe mara nne au tano, kisha huvutwa ukajificha chini ya mizingo yake. Tone moja la vanishi kwa ncha ya sindano, nalo lisizibe tundu, na nzi amekwisha.

HESABU YA DAZENI

Kazi hii hulipwa kwa hesabu ya nzi, na nzi huhesabiwa kwa dazeni. Wengine hufanya kazi katika viwanda vidogo na wengine hufanya katika vikundi au nyumbani kwao. Kila dazeni hukaguliwa. Mkaguzi huangalia kama mabawa ni sawa, kama urefu wa bawa waendana na ndoana, kama tundu li wazi, na kama kichwa ni kidogo. Kisha huwapanga wote kumi na wawili katika mstari mmoja. Hatafuti nzi mmoja mzuri sana. Atakacho ni nzi kumi na wawili waliozaliwa tumbo moja.

Tuseme fundi mmoja hutumia dakika tano kwa kila nzi. Basi kwa saa moja amefunga dazeni moja, na kwa saa sita dazeni sita. Ikiwa wawili katika kila dazeni hukataliwa, basi waliokataliwa ni kumi na wawili, na saa nzima katika saa zake sita imepotea bure, pamoja na ndoana na manyoya. Fundi wa pili, atumiaye dakika sita kwa kila nzi lakini hakataliwi hata mmoja, kwa saa sita hizo hupata dazeni tano kamili, sawa na mwenzake, tena bila kupoteza ndoana moja. Mwenye haraka hakumshinda, na jina lake kwa mkaguzi limeharibika. Mwenda pole hajikwai.

Kazi hii imewasaidia sana wanawake na vijana ambao shamba lao ni dogo au hawana kabisa, kwa sababu haihitaji ekari, haihitaji mvua, na haihitaji nguvu za mabega. Lakini yafaa isemwe wazi kwamba ina mashaka yake. Ndoana na manyoya mengi hununuliwa ng'ambo, kwa hiyo bei yake haiko mikononi mwa fundi. Ziko nchi nyingine, kama Sri Lanka na Thailand, ambazo watu wake nao wana vidole vyepesi, na mnunuzi humwendea yule mwenye nzi bora kwa bei afadhali. Macho nayo huchoka. Fundi afanyaye kazi hii gizani kwa taa ya kibatari anauza macho yake pamoja na nzi, na hakuna mnunuzi alipaye bei ya macho.

Tena fundi hatii jina lake katika nzi. Aliyemfunga ni mama mmoja katika kijiji fulani, lakini mvuvi wa ng'ambo akifungua kisanduku haoni mama, aona Kenya. Nzi akifumuka katika kinywa cha samaki wa kwanza, mvuvi hatasema, "Fulani amenidanganya." Atasema, "Nzi wa Kenya hawadumu," na maneno hayo yatawaumiza mafundi mia moja ambao hawakukosa. Kwa hiyo yule asiyesokota nyuzi za tausi kwa sababu hakuna atakayeona, huwaibia wenzake.

MTO NA SHAMBA

Liko na jambo lingine ambalo lamhusu mkulima hata kama hatafunga nzi hata mmoja maishani mwake. Trauti ni shahidi wa maji. Mahali aishipo, maji ni baridi, safi, na yenye hewa. Akitoweka mtoni, amewatangulia watu kuona ubaya ambao wao wataupata baadaye.

Mkulima alimaye mpaka ukingoni mwa mto bila matuta wala majani ya kuzuia udongo, mvua ikinyesha humpeleka mtoni udongo wake bora kabisa. Udongo huo huziba nafasi zilizo kati ya mawe, ambamo wadudu huishi na ambamo trauti wa kike huyafukia mayai yake. Mayai yakifunikwa na tope hukosa hewa yakafa. Miti ya ukingoni ikikatwa, jua hulipiga maji mchana kutwa, nayo hupata joto. Dawa za kuulia wadudu wa shambani, zikioshewa mtoni, haziwezi kumtambua mdudu mbaya wa kabichi na mdudu mwema wa mto, huua wote. Na msitu wa juu mlimani ukifyekwa, maji hushuka kwa wingi siku ya mvua, kisha hukauka siku za kiangazi. Bandu bandu huisha gogo, na mto vivyo hivyo huisha kwa jembe moja moja.

Mtu atasema, "Na wafe trauti, ni samaki wa kigeni." Lakini maji si ya kigeni. Maji hayo ya Gura, Thiba na Sagana ndiyo hayo hayo yanywewayo na watoto na ng'ombe, na yale ya Thiba ndiyo yaendayo chini kuustawisha mpunga wa Mwea. Mkulima aachaye ukingo wa nyasi na miti kando ya mto, akachimba matuta katika mteremko, na kuosha mabomba yake ya dawa mbali na maji, amewalinda wadudu. Awalindaye wadudu amewalinda samaki, na awalindaye samaki amelinda kikombe chake mwenyewe.

Kijana atakaye kujifunza kufunga nzi na aanze kwa ndoana kubwa ya namba 8 au 10, kwa rangi moja, na kwa nzi wa namna moja tu, amfunge mpaka wa hamsini afanane na wa arobaini na tisa. Asikimbilie namna mpya kabla hajaimudu ya kwanza. Baada ya hapo na ashuke mtoni asubuhi moja, ageuze jiwe polepole, awatazame wadudu walioshikamana chini yake, miguu yao, rangi ya matumbo yao, na jinsi waendavyo. Kisha alirudishe jiwe kama lilivyokuwa, kwa maana hao ndio walimu wake, na mwalimu havunjiwi nyumba.